Kiziwi Anayesoma Barafu kwa Nyayo

Saa mbili asubuhi, nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Solange Thivierge ana mguu mmoja ndani ya mtumbwi. Kwa mguu wa pili, wenye kiatu cha meno ya chuma, anasukuma barafu ya mto Saint-Laurent. Ghafla barafu inapasuka. Anarukia ndani na kushika kasia. Wenzake wanne wanafanya hivyo hivyo, kwa mpigo mmoja.

Hakuna aliyepiga kelele. Nahodha wao, Réjeanne Pouliot, amegonga kisigino mara mbili tu kwenye sakafu ya mtumbwi.

Solange, mwenye miaka arobaini na moja, ni fundi wa magari ya kuondoa theluji mjini Lévis, ukingoni mwa mto huo. Homa ya uti wa mgongo ilimwacha kiziwi akiwa na miaka mitatu. Anazungumza kwa ishara, Réjeanne anatafsiri.

"Mume wangu akianza kunigombeza, nafumba macho. Mazungumzo yameisha," anasema.

"Hata mimi nikimgombeza hunifumbia macho hivyo hivyo, mjinga huyu!" Réjeanne anadakia.

Babu yake Solange alivusha barua na wakunga kwa mtumbwi katika mto huu huu. Hata hivyo, timu mbili za mashindano ya mitumbwi ya barafuni, ambapo watu hupiga kasia majini na kusukuma mtumbwi juu ya barafu, zilimkataa Solange.

"Waliniambia mtoni masikio ndiyo uhai, lazima usikie amri. Nikarudi karakana, nikalala chini ya gari nikalia. Bosi alidhani mafuta yameniingia machoni."

Miaka saba iliyopita Réjeanne alimchukua, kwa sharti moja: timu nzima ijifunze kuongea kwa visigino, kwa mtetemo unaofika nyayoni. Mara mbili, ingia. Mara tatu, toka usukume.

"Wiki ya kwanza tulitumbukia majini kama magunia ya viazi," Réjeanne anakumbuka.

Februari iliyopita, katikati ya mashindano, upepo ulifuta sauti zote. Mbele yao, nusu ya timu ya Ghislain Asselin iliruka nje huku nusu, isiyosikia amri, ikipiga kasia. Ghislain mwenyewe akazama hadi kifuani. Ni mmoja wa manahodha wawili waliowahi kumkataa Solange.

Solange, aliyekaa mbele, alimwona wa kwanza. Akainua kasia, timu ikasimama. Akamvuta Ghislain kwa ukosi wa koti hadi juu ya barafu.

Walimaliza wa nne. Ukingoni watu waliinua mikono na kuitikisa hewani, makofi ya viziwi.

Wiki iliyofuata Ghislain alifika karakana, kofia mkononi.

"Dada, nilikukosea. Tufundishe hivyo visigino vyenu."

"Alinikuta na grisi hadi viwikoni," Solange anasema. "Nikamkumbatia hivyo hivyo. Koti lake jipya likaisha."

Januari ijayo Solange ataongoza mtumbwi wake mwenyewe. Wanawake watatu viziwi wameshajiandikisha. Mkubwa wao ana miaka hamsini na minane.

"Sitaki watu waje ukingoni kutuonea huruma," anasema. "Waje na supu ya njegere, tena ya moto. Tukifika tutakuwa na njaa."