Matofali ya Pyo Chilbok

Mjini Gyeongseong, enzi za ukoloni wa Wajapani, hapakuwa na mpanga herufi za kuchapia magazeti mwenye majivuno kama Pyo Chilbok. Hakuna hadithi ya gazeti, alijigamba, isiyopita vidoleni mwake kwanza. Na kweli zilipita. Mkaguzi wa serikali akikata maneno, Chilbok alizigeuza herufi za madini ya risasi kichwa chini, miguu juu, zikachapwa miraba myeusi kama matofali. Ukiandika "nchi yetu", tofali. Ukiandika "haki", matofali mawili, na polisi mlangoni.

Asubuhi moja akaingia kiwandani mama yake Myeong Inho, mwandishi aliyefia gerezani. Mkononi ana gazeti la zamani. Hadithi ya mwisho ya mwanawe imeishia kwenye ukuta mtupu wa matofali.

"Wewe ndiye uliyemfukia mwanangu humu?"

"Mama, mimi nageuza tu. Mfukiaji ni mkaguzi."

"Kesho ni tambiko la kumbukumbu ya kifo chake. Mwaka jana chakula nilichomwandalia kilipoa hakijaguswa. Ananijia usiku, ananikodolea macho, kinywa hafungui. Nipe maneno yake nimsomee. Muswada waliuchukua polisi."

"Umefika, bibi!" akadakia Bongsam, mwenzake Chilbok wa meza ya pili. "Huyu anazijua zote kwa moyo. Haya, bingwa, mwaga!"

Chilbok akafungua kinywa. Akakifunga tena. Miaka yote hiyo alipanga bila kusoma. Jicho kwenye muswada, vidole kwenye visanduku vya herufi, akili kwenye supu ya mchana.

Akafumba macho, akauacha mkono uende. Ukaenda: kisanduku cha juu, cha kushoto, cha chini kabisa, ukiwa wa baridi, kana kwamba kuna aliyeushika. Herufi zikajipanga. Akazisoma kwa kunong'ona, kwa mara yake ya kwanza. Mkulima aliyenyang'anywa shamba anamwambia hakimu: "Sikuja kuomba haki. Nimekuja kuona mmeificha wapi."

Mama akayarudia mara tatu, yasimpotee. "Huyo ndiye," akasema. "Huyo ndiye Inho wangu."

Chilbok akazitawanya herufi upesi, ushahidi usibaki.

Siku ya tatu mama akarudi na mikate ya mchele ya tambiko.

"Kula, mwanangu. Amekula na yeye. Kwangu ameshaondoka."

Chilbok hakuuliza ameelekea wapi. Mkono wake wa kulia, wa baridi tena, ulikuwa umeshaanza kuokota herufi, na mezani hapakuwa na muswada.