Magoti Ndani ya Kiti

Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Kasongo, kwenye baraza ya nyumba yangu, mchana, na akili zangu zote kichwani. Sikuwa na homa, sikuota, na pombe sijawahi kuionja. Nimechoka na watu wanaonisikiliza huku wakikonyezana. Kama na wewe unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu tuendelee.

Mume wangu, Baba Sakina, alikuwa dereva. Alikuwa na jipu kuukuu, akipeleka watu na bidhaa Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu na kurudi. Ile njia unaijua? Kama huijui, mshukuru Mungu. Safari yake ya mwisho alikwama matopeni karibu na Wamaza. Akamwambia msaidizi wake wasubiri udongo ukauke kidogo, akaegemea kiti cha dereva, akafumba macho. Msaidizi alipokwenda kumwamsha, hakuamka. Hakuwa na jeraha, wala hakuwa amelalamika ugonjwa wowote. Watu wa Wamaza, Mungu awalipe kheri, walimtoa garini wakasaidia kumleta, tukamzika. Gari lilibaki kwenye matope, likaletwa siku nyingi baadaye.

Nilikaa eda, nikamaliza. Shangazi zake wakaja wakatoa godoro letu, maana kwao godoro la marehemu halibaki chumbani, na nguo zake zikagawanywa. Likabaki gari. Shemeji yangu Ramazani, mdogo wa marehemu, alitaka kulipeleka Salamabila akaliuze. Nikamwambia gari hilo ndilo shamba la watoto wa kaka yake, na shamba haliuzwi watoto wakiwa na njaa.

"Sawa, shemeji," akasema. "Lakini gari ya kulala haizae kitu. Kama haitembee, nitakuya kuichukua."

Basi nikatafuta dereva. Wa kwanza alifika nalo sokoni tu, akaliacha pale, akarudi kwa miguu kuniletea ufunguo.

"Mama Sakina, ile kiti iko na mutu."

"Mutu gani?"

"Sijue. Nikikala, ni kama vile nimepakatwa."

Hebu fikiria! Mwanaume mzima, ndevu mpaka kifuani, anasema amepakatwa. Nilicheka mpaka majirani wakachungulia. Nikawalipa vijana wa sokoni wakalisukuma gari mpaka uani. Nikamchukua wa pili, Mkristo mmoja mtu mzima asiye na maneno mengi, na yeye alishuka garini hata kabla ya kuliwasha. Hakutaka hata chai. Hapo kicheko kikaniisha, kwa sababu habari ilikuwa imeshaenea mji mzima na hakuna dereva aliyekubali hata kuligusa.

Nikajiambia, ni sponji tu. Kiti kile kilikuwa kimechoka, kimezama upande wa kushoto, upande wa mlango, na ukikaa unaangukia kwenye chuma. Mtu mwenye woga akikaa juu ya chuma atasema ni magoti. Kwa fundi sikukipeleka. Fundi wetu ana mikono miwili na midomo kumi. Nilichukua spana za marehemu, nikafungua kiti, nikakiburuta mpaka barazani. Nilikuwa nimenunua kipande cha sponji mpya kwa wauza magodoro, gundi kwa mshona viatu, na sindano kubwa ya kushonea magunia.

Alasiri hiyo watoto walikuwa chuoni wakisoma Kurani, na mvua ilikuwa inaanza. Nilifumua kitambaa, nikakunja nyaya zinazokishika kwa chini, nikakivua. Sponji ya kushoto ilikuwa imekuwa unga, inamwagika kama unga wa muhogo. Nikachimbua kwa vidole. Chini ya ule unga nikakuta kiraka: kipande kingine cha sponji, kimekatwa vizuri, bado kimevaa kitambaa cha maua ya bluu.

Maua yale nilikuwa nayajua. Yalikuwa ya godoro letu!

Wewe sikiliza vizuri hapa. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, godoro letu lilipata shimo upande wake, kule miguuni. Nilipomuuliza, akaapa kwamba ni panya. Nikatega sumu. Nikaazima paka kwa jirani, na huyo paka akazalia ndani ya sanduku langu la vikwembe, vitenge vyangu vya kuvaa. Usiku kucha mume wangu analala na miguu ndani ya lile shimo, akiwalaani panya wa Kasongo na ukoo wao wote. Kumbe panya alikuwa yeye, alikata kitanda chake mwenyewe akastarehesha kiti!

Nilicheka. Kisha nikakasirika, maana nilikuwa nimemtukana paka wa watu bure. Kisha nikalia, na sikulia kidogo. Nikajikalia pale pale juu ya kiti kisicho na kitambaa.

Nikakalia magoti.

Niamini. Yalikuwa ya moto, na goti la kushoto lilikuwa limelala chini kuliko la kulia, kama alivyozoea kukaa. Mke hajui magoti ya mume wake? Sikupiga kelele. Nilisema tu, "Baba Sakina, ni weye ulikata matela, godoro yetu?"

Magoti yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka! Ndivyo alivyokuwa akicheka anaponaswa na uongo, bila sauti, mwili wote ukitetema. Na mimi nikacheka naye, machozi yakiwa bado shavuni. Halafu nikasikia sauti yake nyuma ya shingo yangu, nzito, ya mtu aliyeshikwa na usingizi.

"Mama Sakina, uniamushe tukifika."

Hapo nikaelewa. Mwili wake ulitangulia kufika, tukauosha, tukauzika, tukaulilia. Lakini yeye mwenyewe alilala kwenye kiti, akaja na gari, na hakuna aliyemwambia kwamba safari imekwisha. Nilipaswa kumwambia saa ile ile.

Nikamwambia, "Lala, baba. Bado."

Usinitazame hivyo. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nilikuwa na upweke unaouma kama jino. Nikafunika kiti kwa turubai, na kila alasiri watoto wakienda chuoni, nilikifunua na kukaa. Nilimsimulia mambo ya watoto, ya soko, ya paka. Mara nyingine alicheka. Mara nyingine aliuliza, "Tuko wapi?" nami najibu, "Tuko Wamaza bado. Matope iko mingi." Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi yangu niliirefusha kila siku.

Wakati huo gari liko uani bila kiti, kuku wanalala ndani. Nyumbani tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, na Ramazani akatuma ujumbe kwamba Ijumaa anakuja na mnunuzi. Nilisikia ujumbe, nikarudi kukaa kwenye kiti changu kama mwendawazimu.

Lakini siku hiyo magoti hayakuwa ya moto. Yalikuwa yamekonda, na baridi yake iliniingia mpaka kwenye mifupa ya nyonga. Hakucheka kwa lolote nililomwambia.

"Mama Sakina," akasema, "mugongo inaniuma sana. Hii njia haiishe?"

Niliposimama, kikwembe changu kilikuwa kimelowa nyuma, na kimeshika matope mekundu. Barazani kwangu kulikuwa kukavu kabisa. Nikayatazama yale matope, nikaona nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nimemwacha mume wangu njiani, kwenye mvua, amekwama, ili mimi nisilale peke yangu. Nilijichukia, na nilimhurumia kupita ninavyoweza kusema.

Watu wanasema nilimwacha aende kwa sababu ya gari, kwa kumwogopa shemeji. Si kweli. Ni kwa ajili ya mgongo wake.

Na kwanza nilikitengeneza kiti, kwa sababu sikutaka aamke mwili ukimuuma. Niliikwangua sponji yote iliyooza mpaka nikafika kwenye nzima. Nikapima pengo kwa mkono, nikakata sponji mpya, kubwa kidogo kuliko pengo ili ibane. Nikapaka gundi pande zote mbili, nikangoja ikauke kidogo mpaka isishike kidole, ndipo nikagandisha, nikaweka kinu juu yake. Kile kiraka cha maua ya bluu nilikirudisha mahali pake, maana alikuwa amekikata vizuri, mwizi yule. Juu ya chuma nikatandika gunia ili waya zisikate sponji. Nikavuta kitambaa, nikakishona kwa sindano ya magunia, vidole vikitoka damu. Nilikuwa nafanya taratibu, sikufichi. Nilitamani kazi isiishe.

Ikaisha. Nikakaa.

"Aaa," akasema. "Sasa iko muzuri."

Nikamwacha apumzike kidogo. Mvua ilinyesha ikapita. Kisha nikashika magoti yake kwa mikono miwili.

"Baba Sakina, amuka. Tumefika."

"Fasi gani?"

"Nyumbani. Kasongo."

"Watoto?"

"Wako chuoni. Wako wazima."

"Mizigo yote imefika?"

"Yote. Hakuna kitu ilibakia mu njia."

Nikamsikia anavuta pumzi ndefu, kama mtu anayejinyoosha baada ya safari. Kisha akasema kwa upole, kama alivyonisemesha tulipooana, "Basi simama kidogo, mama. Nishuke."

Sikuwahi kufanya jambo gumu kama kusimama pale. Nilisimama. Nyuma yangu sponji ikainuka polepole ikitoa sauti ya hewa, ikajaa, ikatulia. Nilipokaa tena, kilikuwa kiti tu.

Ijumaa Ramazani alipofika na mnunuzi, alikuta kiti kimerudi garini na dereva ameshakikalia, akamrudisha mtu wake. Leo gari linafanya kazi. Ramazani mwenyewe hulipanda kwenda Salamabila, na dereva tuliyenaye hajawahi kulalamika. Mimi ndiye niliyebaki na alama. Nyonga zangu zina baridi ambayo hata jua la saa saba haliiondoi, na yale matope mekundu hayajatoka kwenye kikwembe kwa sabuni yoyote. Sikalii tena kiti kile. Na nikiwa safarini, abiria akisinzia karibu yangu, namtikisa mpaka afungue macho. Wananitukana. Watukane.

Nawe, kama kuna wako aliyekufa njiani, usidhani kumzika kunatosha. Nenda mahali alipokuwa amekaa, kiwe kiti cha gari, cha pikipiki au gogo kando ya njia, umwambie amefika. Akikuuliza mko wapi, usimdanganye hata kwa mapenzi. Mwambie ukweli, halafu simama umpishe ashuke.