Nyuma ya Kochi, Rimoti Ikiwa kwa Mama Mkwe

Nyumbani kwangu Bariadi, watoto huangalia televisheni Jumamosi tu, tena kipindi tulichochagua pamoja. Sheria niliitunga mwenyewe, na rimoti nikaificha ndani ya gunia la mchele. Lakini kila nikirudi kutoka dukani, nikipapasa mgongo wa televisheni nakuta wa moto!

"Watoto wako wananichezea," nikamwambia mke wangu.

"Labda ni jua la dirishani," akajibu. Hata yeye nikamtilia shaka.

Jumanne nikafunga duka mapema, nikajibanza nyuma ya kochi, fimbo mkononi. Mlango ukalia. Akaingia mama mkwe wangu, aliyekuwa kwetu wiki ya pili, amekuja kutoka Zagayu kututembelea. Kumbe anayechota mchele wa kupika kwenye lile gunia ni yeye! Akafungua pindo la kanga, akatoa rimoti, akaketi na kuwasha tamthilia.

Sisi Wasukuma mkwe hatumkaribii. Akiwa sebuleni, mimi hupitia mlango wa nyuma. Sasa nilikuwa nimechuchumaa chini ya kisogo chake, ningetokaje? Nikatulia. Miguu ikafa ganzi. Halafu, nisidanganye, tamthilia ikanoga, nikaanza kuchungulia pembeni ya kochi.

Hapo binti yangu Limi akaingia na sare za shule. Akatutazama wote wawili.

"Bibi, leo si Jumamosi. Mbona wewe na baba mnaangalia?"

"Baba yupi?" akauliza mama mkwe, huku akigeuka.