Maiki Isiyo na Mtu

Nilikuwa naondoa mvumo wa feni kwenye rekodi ya jana niliposikia mtu akivuta pumzi.

Nikasimamisha. Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena.

Pumzi ile ilitoka kwenye maiki ya tatu. Na kwenye maiki ya tatu, jana, hakusimama mtu.

Ngoja niwaeleze taratibu, maana hata mimi bado najieleza.

Mimi ni fundi sauti. Sikusomea, nilijifunza kwa kufungua spika mbovu na kuzifunga tena. Jana mchana nilishika mitambo kwenye onyesho la mzee mmoja, mtunzi na mwimbaji wa siku nyingi. Yeye peke yake na gitaa lake.

Zamani alikuwa akiitikiwa na mkewe. Mama yule alikuwa na pumu, kwa hiyo mzee alitunga kila wimbo akiacha nafasi kabla ya kiitikio, ili mwenzake avute pumzi kwanza.

Mama alishafariki. Nafasi zikabaki.

Nilifunga maiki mbili, ya mdomo na ya gitaa. Mzee akaniangalia.

"Mwanangu, ya mwenzangu iko wapi?"

Nikadhani ananitania. Nikaleta ya tatu, nikaisimamisha kando yake.

"Ishushe kidogo. Hapo hafiki."

Nikaishusha. Mteja ni mteja.

Binti yake akanifuata kwenye mitambo, akaketi pembeni yangu.

"Kaka, iache isimame, ila usiifungulie. Kila akiimba anamsubiri mama. Asipomsikia kabisa, atazoea. Mimi nimechoka kumwangalia baba akizeeka anasubiri."

Nikaona ana haki. Kitufe cha kupandisha sauti ya maiki ile nikakishusha mpaka chini kabisa.

Mzee akaimba. Kila akikaribia kiitikio, vidole vinatulia juu ya nyuzi, anaigeukia ile maiki, anasubiri, anatabasamu, anaendelea. Ukumbi mzima unavijua viitikio vile. Hakuna aliyethubutu kuitikia.

Katikati akanigeukia. "Fundi, mwenzangu leo yuko chini."

"Labda amenuna, mzee," mtu wa viti vya mbele akadakia.

"Huyo? Akinuna ndiyo anasikika mpaka kwa jirani."

Watu wakacheka. Nikanyanyua mkono, kama mtu aliyepandisha sauti. Sikupandisha.

Wimbo wa mwisho alisubiri sana, mpaka watu wakaanza kutazamana. Kisha akasema polepole:

"Basi. Kama hasikiki, na mimi nimemaliza kuimba."

Akalilaza gitaa kwenye mfuko wake, akashuka jukwaani.

"Amekubali," binti akasema. Lakini alikuwa analia.

Sasa, kuna jambo yeye hakulijua na mimi sikuliwaza. Mitambo yangu hurekodi sauti kabla haijafika kwenye kitufe. Ukumbi ulikuwa hausikii. Mashine ilikuwa inasikia.

Leo, baada ya ile pumzi, nilizima feni ya chumbani. Nikabadili hedifoni. Nikasikiliza maiki ya mzee, iliyokuwa karibu kabisa na ile ya tatu. Kama kungekuwa na mtu wa ukumbini aliyeimba, nayo ingemnasa.

Kwenye zile nafasi, hamna kitu.

Kwenye ya tatu peke yake: pumzi, kisha kiitikio. Sauti ya mwanamke, nyembamba, ikichelewa kidogo.

Nikampigia binti. Akaja mbio akiwa bado na sare ya kazini. Nikampa hedifoni. Akasikiliza, mkono ukapanda mdomoni.

"Dada, jana ulikuwa unaimba hapo pembeni?" nikauliza, nikiomba aseme ndiyo.

"Kaka, si ulikuwa unaniona?"

Nikaunganisha spika tusikilize wote. Tukafika wimbo wa mwisho, kwenye kile kimya kirefu.

Pumzi moja. Nyingine. Kisha ile sauti, safari hii haiimbi, inaongea kama mtu aliyefungiwa nje:

"Fundi, nifungulie."

Binti akakaa sakafuni.

"Futa," akasema.

Nikapeleka mkono.

"Usifute," binti akadakia.

Nikaurudisha mkono. Mwishowe akasimama, akajifuta uso kwa kola ya sare.

"Kesho namleta baba. Na gitaa lake. Usiguse chochote, kaka."

Sijui nilichosikia, na simlazimishi mtu aamini. Ila nimejifunza hili: mtu akimsubiri mtu wake, kaa naye asubiri. Usimzibie masikio ukadhani unamponya.

Kazi ya rekodi haijaisha. Mvumo wa feni bado umo, nimeuacha mpaka kesho.

Nimepandisha kitufe cha tatu tu.