Sura Nilizozigeuza Nikisoma

Wakati wa vita vya pili vya nchi yetu nilikuwa na miaka ishirini na sikuwa na kazi. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nangoja nafasi ya kuendelea na ualimu, lakini chuo kikifunguliwa wiki mbili hufungwa tena mwezi mzima. Tulikaa Bukavu, mtaa wa Cimpunda, katika nyumba ya mbao kwenye mteremko, mahali ambapo jirani wa juu akimwaga maji unayasikia yakipita nyuma ya ukuta wako. Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Alikwenda shuleni kila asubuhi amevaa tai yake, hata siku ambazo wanafunzi hawakuja. Mimi alinipeleka kwa maman mmoja wa kwaya ya parokia yetu, aliyekuwa na atelye ya kushona, ili nisikae bure.

Ilikuwa chumba kimoja chenye mashini tatu za kukanyaga kwa mguu. Tulishona sare za shule na nguo za ubatizo, maana hata vitani watu walibatiza watoto. Tulikuwa watatu: maman mwenyewe, mimi, na msichana mmoja mchumba wa mtu. Mchumba wake alikuwa Kinshasa. Nchi ilikuwa imekatika vipande, na barua kutoka kule zilipita nchi za watu kabla ya kufika kwetu, zikifika. Msichana yule alikuwa na barua mbili tu, na alizijua kwa moyo.

Kitabu nilikipata soko la Kadutu, kwa mzee aliyetandaza vitabu vya zamani juu ya shitingi, turubai la plastiki. Kilikuwa kinene, cha Kifaransa, na jalada lake lilikuwa limeng'oka zamani. Kilisimulia habari za bwana mmoja asiye na kivuli, aliyeishi katika ngome juu ya mlima wa ukungu. Bila kivuli hakuweza kutembea juani. Kwa hiyo kila baada ya miaka mia alishuka bondeni akachukua binti, akamfungia ngomeni, akawa anavaa kivuli chake kama koti. Safari hii alimchukua binti wa mchimba visima. Binti alilia, akapiga ukuta, akakataa chakula. Halafu, sura kwa sura, akaanza kumpenda.

Baba alikiona siku moja juu ya kitanda changu. Alisoma ukurasa mmoja amesimama, akakirudisha, akasema mtu aliyeandika vile anajua Kifaransa lakini hana kazi ya kufanya. Hakuniambia nikiache.

Nilikuwa nakisoma kwa kuiba, nimekilaza chini ya kitambaa pembeni ya mashini. Maman aliponishika hakukasirika, aliniuliza tu kinasema nini. Nikaanza kumsimulia, na kesho yake akataka nisome chenyewe. Basi nikawa nasoma mstari kwa Kifaransa kimoyomoyo na kuutoa kwa Kiswahili kwa sauti, huku wao wakishona. Kazi yangu ya kukunja pindo waligawana wao wawili.

Hawakukubaliana hata siku moja. Mchumba wa mtu aliipenda hadithi kiasi kwamba alikanyaga mashini polepole ili asikose neno. Alisema mwanaume anayekutafuta namna ile, kati ya wasichana wote wa bonde, huyo amekuona kweli. Maman alikuwa na maswali mengine. Alitaka kujua wajomba wa binti wako wapi, na mbona hakuna hata mmoja aliyepanda mlima kuuliza habari zake. Alitaka kujua yule bwana alimtolea baba yake ng'ombe wangapi. Nilipomwambia hakutoa hata mbuzi, alisema basi huyo ni mwizi, awe na ngome au asiwe nayo. Binti naye alimlaumu kwa kutosali. Sura saba nzima, na hajapiga hata ishara ya msalaba.

Tulikuwa karibu na nusu ya kitabu alipokuja mwanafunzi mpya wa kushona. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tano au sita, kutoka upande wa Bunyakiri, na alikaa kwa shangazi yake mitaa miwili kutoka kwetu. Shangazi ndiye aliyemleta. Aliongea na maman pembeni, kwa Kimashi, muda mfupi tu. Hatukuambiwa kitu, lakini tulijua. Alikuwa amechukuliwa na watu wenye bunduki, akakaa nao porini zaidi ya mwaka, na sasa amerudi. Wakati ule walikuwa wengi waliorudi hivyo, na namna ya kuwapokea ilikuwa kutowauliza.

Alikuwa na mkono mzuri. Vitundu vya vifungo, ambavyo mimi nilivirarua, yeye alivishona vidogo na sawasawa tangu wiki ya kwanza. Alisema kidogo sana. Na mimi, kwa ujinga wa miaka ishirini, niliendelea kusoma. Sikufikiri. Kwangu bwana asiye na kivuli alikuwa mtu wa kitabuni na wale wa porini walikuwa watu wa porini.

Siku moja nilifika pale bwana anapomletea binti nguo ya hariri ya kijani, naye binti, baada ya kuikataa siku tatu, anaivaa na kujitazama ndani ya ndoo ya maji, akajiona ni mzuri, akafurahi. Mchumba wa mtu alitabasamu. Yule wa Bunyakiri aliweka shati aliloshika juu ya meza, akalikunja vizuri, akatoka. Tulimwona dirishani akipanda njia ya kwao bila kuharakisha.

Maman alisimamisha gurudumu la mashini yake kwa mkono. Aliniambia nikifunge kitabu, na nisikilete tena. Alisema kosa ni lake zaidi kuliko langu, kwa sababu yeye ni mtu mzima.

Yule wa Bunyakiri alirudi kesho yake kama kawaida, akachukua shati lake. Wiki nzima tulishona bila hadithi. Siku ya nane au ya tisa, tukiwa sisi wawili tu, aliniuliza bila kuinua macho.

"Ile kitabu iko wapi?"

Nilisema nimekiacha nyumbani.

"Kirudishe huku," alisema. "Niko nataka kujua ule binti atafanya nini."

Nilimwambia maman. Alifikiri siku mbili, akasema kama mwenyewe ameomba, basi. Lakini mimi tayari nilikuwa nimeamua jambo langu. Kwa kuwa wote walinitegemea kwa Kifaransa, nilikuwa na uhuru wa kusema chochote. Nyumbani nilisoma sura mapema, nikaandika nyingine kwenye daftari, na daftari nikaliweka katikati ya kitabu. Katika sura zangu binti aliichana ile nguo ya kijani. Alimchukia bwana kila siku bila kuchoka. Alichimba ukuta kwa kijiko, maana alikuwa binti wa mchimba visima. Mwisho alitoroka, bwana akaungua juani, na bondeni wakampokea kwa ngoma na vigelegele.

Maman alifurahi sana. Hata wajomba nilikuwa nimewatia, wanne, wenye mapanga. Mchumba wa mtu alilalamika kwamba hadithi imeharibika katikati, kwamba yule bwana alikuwa ameanza kuwa mtu na ghafla amekuwa mnyama. Yule wa Bunyakiri alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante. Nilikwenda nyumbani nikiwa na fahari. Nilijiona nimemtendea mtu wema mkubwa kwa kalamu tu.

Wiki iliyofuata nilishikwa na malaria. Kitabu kilibaki atelye. Mchumba wa mtu alikuwa amesoma Kifaransa cha shule, si kingi, lakini mapenzi yana subira. Alikichukua kwao, akapambana nacho ukurasa kwa ukurasa. Niliporudi, bado miguu haina nguvu, alikuwa ananingoja na kitabu magotini. Alisema mbele ya wote kwamba nimewadanganya. Katika kitabu binti hatoroki. Anaolewa na bwana, anakuwa malkia wa mlima, na hata kivuli anampa kwa hiari yake.

Aliyeniuliza hakuwa maman.

"Ulibadilisha juu ya nini?" alisema yule wa Bunyakiri.

Nikasema ukweli, kwamba nilifanya kwa ajili yake, nisimwumize.

Alichomeka sindano yake kwenye kitambaa. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo, kabla wala baada.

"Kule pori nilikuwa napikia mukubwa wao. Siku moja alinipatia sabuni, muzima, mupya. Nilienda ku mutoni nikaoga, na nilifurahi juu ya ile sabuni. Nilifurahi sana. Nimerudi huku, batu wananiangalia, naona wanajiuliza kama nilimupenda. Hata mi najiuliza nilifurahia nini. Sasa nikasikia mu kitabu yako kuko binti anapewa nguo na mwenye alimufunga, na yeye anafurahi. Siku ile nilitoka juu moyo ilikuwa inapiga. Nilirudi juu nilitaka kusikia kitabu itaita ile kitu jina gani. Weye ukanikatia pale pale."

Akaongeza, "Sikukuomba unionee huruma. Nilikuomba unisomee."

Nilikuwa na daftari mfukoni mwa sketi. Nilikuwa nimelipenda sana daftari lile, na pale nililionea aibu. Maman ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida, kama anayegawa kazi, "Musomee. Anzia ku ile nguo."

Nikasoma upya, safari hii neno kwa neno, na nilipokwama nilisema nimekwama. Ilichukua karibu mwezi. Alisikiliza kwa namna ya mtu anayekagua mshono. Mahali pengine alikubali kwa kichwa: pale binti anapojifunza kujua hasira ya bwana kwa mlio wa hatua zake kwenye ngazi, alisema ndiyo, hivyo ndivyo. Mahali pengine alicheka. Bwana alipopiga magoti na kuomba msamaha akilia, alicheka mpaka akashika meza, akasema hapo mwandishi amechoka akaanza kujiandikia tu. Mchumba wa mtu alimtetea bwana. Alisema mapendo yanabadilisha mtu. Yule mwingine hakumpinga. Alisema labda, kwa wengine. Nilishangaa kuona wale wawili, ambao nilidhani hawataweza kukaa chumba kimoja na kitabu kile, wakiwa ndio wanaosogeza viti karibu.

Jina ambalo kitabu kilikiita kile kitu lilikuwa mapendo. Tulipofika mwisho alilirudia neno hilo mara moja, taratibu.

"Mi siwezi kuiita vile," alisema. "Lakini sasa najua bengine wanaiita namna gani. Na najua yangu iko ingine. Ilikuwa sabuni tu. Nilikuwa muchafu, nikaoga."

Kisha akaniuliza swali. Katika kitabu chote, kuna mahali ambapo mlango unaachwa wazi, binti anajua uko wazi, na njia ya bondeni iko huru? Sikukumbuka. Nilikipeleka nyumbani Jumapili baada ya misa ili nitafute, na baba, aliponiona napekua, aliuliza natafuta nini. Nilimweleza habari yote, na sababu ya swali. Alivaa miwani yake. Kitabu alichokidharau alikisoma kutoka ukurasa wa kwanza, kwa siku mbili, akiwa na kalamu ya risasi, kama anayesahihisha mtihani.

"Iko," aliniambia siku ya Jumanne. "Karibu na mwisho. Mistari mine."

Nikaisoma atelye. Bwana anafungua lango, anakwenda upande mwingine wa ngome, na binti anasimama kizingitini kidogo, halafu anarudi ndani. Yule wa Bunyakiri alinifanya nisome mara tatu. Maman aliuliza kama binti aliitazama njia. Nikasema kitabu hakisemi.

"Ni fupi sana," alisema yule wa Bunyakiri. "Mambo yote ya nguo, kurasa ishirini. Hii, mistari mine." Akavuta sindano yake, akaendelea na kifungo.

Mjadala wetu uliishia hapo. Mchumba wa mtu alisema kwake mistari minne inatosha, kama moyo umekwisha kuamua. Maman alisema yeye angalikuwa ameshafika bondeni. Baada ya hapo tulipata oda ya sare za shule mbili na hapakuwa na nafasi ya kusoma.

Nchi ilipounganishwa tena na ndege zikaanza kuja, mchumba wa mtu alikwenda Kinshasa, na ndoa ilifungwa. Maman alituonyesha picha. Baba aliniuliza mara moja, akitazama pembeni, kama kitabu kile kilikuwa na kitabu cha pili. Mimi nilimaliza ualimu, na leo nafundisha Kifaransa kama yeye. Wanafunzi wangu wa kike wanasoma hadithi za namna ile kwenye simu, na wanagombana juu ya mabinti wa humo kwa maneno yaleyale. Wananiuliza mimi niko upande gani. Nawaambia wasome mpaka mwisho, na wasimsomee mwenzao nusu.

Yule wa Bunyakiri alihamia Luberizi, kwa jamaa za mama yake wanaolima mpunga, akiwa na mashini yake mwenyewe. Alikuja Bukavu mara moja, miaka kadhaa baadaye, akanitembelea na kilo chache za mchele kwenye kitenge. Tuliongea habari za mvua na za shangazi yake aliyekuwa amefariki. Aliniambia amejifunza kusoma, jioni, pamoja na wanawake wengine wa kule. Nilimwuliza anapenda kusoma nini, nikatoa vitabu viwili kwenye rafu ili achague. Alivitazama kwa adabu, akavirudisha.

"Nasomaka matangazo ku ukuta wa parokia," alisema. "Nani anaoa, nani amekufa, lini watagawa mbegu. Inanitosha."

Akaomba chai, nikaenda kuweka maji jikoni.