Gari Lililokunywa Mawese

Siku yangu ya kwanza garajini Kasongo nilipewa kitambaa, beseni la mafuta ya taa na rundo la vyuma vichafu. Mkuu wa garaji, Mbelgiji mfupi mwenye sauti kubwa, akaniambia, "Kalonda, safisha mpaka nione uso wangu." Nikasafisha. Ninyi vijana mnaofundishwa ufundi kwa ubao na chaki mtacheka, lakini kwa kazi ile nilikijua kila chuma kwa vidole kabla sijakijua jina lake kwa Kifaransa. Baadaye nikapelekwa upande wa magari ya mizigo, kwa kapita, msimamizi wa mafundi, mzee wa Kibangubangu, mkali kama pilipili. Huyo ndiye aliyenifundisha bwate ya vitesi, yaani sanduku la gia lililo nyuma ya injini. Aliponiona nimeiva, akanirudisha kwa mkuu.

Wakati huo mji wetu ulijua gari la namna moja tu: unakanyaga ambreyaze, yaani klachi, kwa mguu wa kushoto, unabadili vitesi kwa mkono. Kisha Mzee Sefu, mfanyabiashara wa nguo katika mtaa wa Waislamu, akanunua gari la Kiamerika lililokwisha kuchakaa kidogo, kutoka kwa mzungu mmoja wa pamba aliyekuwa anarudi kwao. Halikuwa na pedali ya kushoto. Vitesi zilibadilika zenyewe, kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa ndani ya bwate. Watu walisimama barabarani kulitazama, na wengine waliapa kwamba dereva wake, Ramazani, anabadili vitesi kwa goti.

Halikukaa sana likaugua. Asubuhi injini ilinguruma na gari limekaa palepale. Baada ya muda liliruka mbele kwa kishindo, kisha likang'ang'ania vitesi ya pili hata mahali pa tambarare. Mchana likatulia kama si lenyewe. Na Mzee Sefu alikuwa anamwoza binti yake huko Kabambare. Alikwisha kuwatangazia wakwe kwamba bibi arusi ataingia kwa gari hilo.

Mkuu akaniita. "Kalonda, tunafungua garaji Kabambare. Natafuta mutu wa kuishika. Hii gari iko mutihani yako. Ikipanda kilima cha Kabambare, garaji ni yako. Ikishindwa, utarudia kuziba mipira."

Nilitaka garaji ile kuliko chakula. Kwetu, garaji ilishikwa na mzungu. Sisi tulishika spana.

Tulianza pamoja. Kanuni ilikuwa kwamba mafuta ya bwate hupimwa injini ikiwa moto, kwa kijiti cha chuma. Tukapima. Kiasi kilitosha, na rangi ilikuwa nyekundu ya kung'aa, sawasawa na inavyotakiwa, maana mafuta ya bwate za namna ile hutiwa rangi nyekundu kiwandani ili mtu asiyachanganye na ya injini. Tukatazama fimbo inayotoka kwenye pedali ya mwendo na kuiambia bwate wakati wa kupanda vitesi. Mkuu akaikaza kidogo. Wapi! Kesho yake ugonjwa uleule.

"Mikanda ya ndani imekwisha," akasema mkuu. "Tufungue bwate."

"Bwana Shefu," nikasema, maana ndivyo tulivyomwita mkuu, "ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Arusi iko karibu!"

"Mikanda ingekuwa imekwisha, gari ingeteleza hata mchana, tena kuzidi, sababu joto inalainisha mafuta. Hii inapona na joto. Kesho tuipime ikiwa baridi."

Akanitazama sana. "Ukikosa, unajua."

"Najua."

Asubuhi, kabla mtu hajawasha injini, nikavuta kile kijiti. Mafuta yalikuwa yameganda juu yake, mazito, rangi ya chungwa. Nikayanusa. Nikayaonja. Jamani, mawese! Yalikuwa yameganda kama kwenye chungu cha mama kabla ya moto kuwaka. Ramazani akaitwa, akaja amenyoosha kofia yake.

"Ramazani, ndugu yangu, mafuta ya bwate ilipopunguka, ulitia nini?"

"Nilitia mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ile nyekundu. Ya ndani iko nyekundu, ya kwetu nyumbani iko nyekundu. Kumbe nyekundu ziko ngapi?"

Mkuu alikaa juu ya tairi akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kalonda," akasema, "imebaki kutia majani ya sombe tu, tule!" Mzee Sefu alipopata habari alitaka kumfukuza dereva, lakini mkuu akamzuia. Alimwambia kwamba hata yeye mwenyewe aliona nyekundu akaridhika.

Kutoka hapo mkuu ndiye aliyenionyesha kazi. Tuliwasha injini hadi ikapata moto, tukamwaga mafuta yote yakiwa bado mepesi, tukafungua bakuli la chini ya bwate. Kichujio kilikuwa kimezibwa na mafuta yaliyoganda. Tukakiosha kwa mafuta ya taa, tukatia mafuta ya haki yaliyoletwa na lori kutoka Kindu, tukaendesha kidogo, tukamwaga tena, tukajaza upya. Mkuu akairudisha ile fimbo mahali pake.

Tukaondoka Kasongo asubuhi na baridi, na gari likaitika mara moja. Ramazani aliendesha, mimi kando yake, nyuma bibi arusi na shangazi zake. Mkuu na Mzee Sefu walifuata kwa gari la garaji. Tulipopita Wamaza, watu walitoka mashambani kututazama, lakini mimi sikutazama mtu, nilisikiliza bwate. Kisha kilima cha Kabambare kikatokea. Ramazani akakanyaga, akanong'ona, "Kalonda, omba Mungu." Niliomba. Vitesi ikashuka yenyewe, injini ikavuta pumzi, gari likapanda bila kusita, na shangazi za bibi arusi wakapiga vigelegele mpaka masikio yangu yakauma. Nilifurahi hata nikampiga Ramazani begani, karibu atuingize mtaroni.

Tulipofika Kabambare, mkuu alishuka garini, akanijia. "Sanduku yako ya nguo iko wapi?"

"Imebaki Kasongo, Bwana Shefu."

"Tuma mutu ailete."

Mkuu yule alikwenda kwao, wakaja wakaguzi na wakurugenzi wengine, bendera ikabadilishwa, na garaji niliendelea kuishika mpaka nilipostaafu. Sasa mgongo unauma, na vidole havikunjuki vizuri asubuhi. Wajukuu wakinisikia nikianza hadithi hii hunitania kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Waseme. Ninajisifu, na nina haki.

Siku ile ya arusi, watu wakiwa bado wanakula pilau, nilikwenda kwenye garaji mpya na ufunguo niliopewa. Ndani kulikuwa na meza moja na vumbi. Nikasimama katikati, nikasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kunisikia, "Shefu wa hapa ni mimi." Kisha nikatafuta ufagio.