Maandalio ya Ijumaa

Nakumbuka siku moja nilisikia mtu akikwangua tope viatuni, pale kwenye jiwe la mlangoni kwetu Sironga, kabla sijamwona ni nani. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikianika maua ya pareto. Kumbe alikuwa Moraa wa Nyakoe, aliyenitangulia shuleni kwa mwaka mmoja na ambaye sasa alikuwa chuo kikuu. Nami nilikuwa nimepata barua ya kuitwa chuo hicho hicho. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kijijini kwetu hapakuwa na msichana aliyewahi kuitwa huko.

Mwanangu, wewe uliyekwisha kufunga sanduku, kaa kidogo. Chai bado ni moto.

Moraa alichuchumaa karibu na mkeka wangu, akaniuliza nimechagua masomo gani.

"Kemia na elimu ya mimea," nikasema kwa maringo.

"Umeuliza Jumamosi kuna nini?"

"Jumamosi si Sabato? Kuna nini tena?"

Akacheka. "Sabato ni hapa Sironga. Kule kemia ina makundi mawili ya maabara, la Jumatano na la Jumamosi. Wiki ya kwanza kabisa, kabla majina hayajabandikwa, nenda kwa profesa umwombe Jumatano. Usingoje."

"Mungu atafungua njia."

"Atafungua, lakini hodi utapiga wewe."

"Wewe Mkatoliki unajua nini? Jumamosi kwako ni siku ya kufua."

"Ndiyo, ninafua," akasema, "na nikifua nakuwa na wasaa wa kuwafikiria wakaidi kama wewe."

Tulicheka wote wawili, akala ndizi, akaenda zake. Na mimi, mwanangu, nikayaacha maneno yake pale pale juu ya mkeka.

Majina yalipobandikwa chuoni, langu lilikuwa kundi la Jumamosi. Profesa alikuwa mzee wa rika la baba yangu. Kwetu binti mwenye adabu hamkabili mzee kama huyo kumweleza shida yake, humtuma shangazi. Chuoni ningemtoa wapi shangazi? Basi nikanyamaza. Kila Jumamosi nilikwenda kuabudu, na kila Jumamosi meza yangu ya maabara ilikaa tupu. Nilijiona shujaa wa imani. Mficha maradhi, kifo humuumbua: muhula wa pili ukiisha nikapewa barua. Ilisema nimekosa mazoezi mengi mno. Nisipokuwa na sababu ya kuridhisha, sitafanya mtihani wa kemia, na huenda nikapoteza nafasi yangu chuoni.

Niliipeleka barua nyumbani. Tata, yaani baba yangu, alikuwa mzee wa kanisa, mtu asiyewasha hata moto siku ya Sabato. Nilijua atanisifu. Aliisoma polepole, akaikunja.

"Huyo mwalimu ulimwambia kwamba hufanyi kazi Sabato?"

"Hapana, Tata."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

Nje ng'ombe alikuwa akicheua.

"Kerubo, Ijumaa mimi hufanya nini?"

"Unachota maji. Unakata majani ya ng'ombe. Unapasua kuni."

"Nisipofanya hivyo, kesho yake ng'ombe atashiba sala zangu? Sabato yangu naitunza Ijumaa, kwa panga na mtungi. Wewe hukuwa na Ijumaa. Hukuishika Sabato, ulijificha nyuma yake."

Sijapigwa fimbo iliyouma kama maneno hayo.

Nilirudi chuoni nikapiga hodi kwa profesa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema nafasi za Jumatano zilikuwapo tangu mwanzo, na kunihamisha kungemchukua dakika moja. Mazoezi yaliyopita hakuweza kunipa. Ila aliniombea nirudie mwaka badala ya kufukuzwa, na akakubaliwa. Nikarudia, kila Jumatano nikiwa wa kwanza mlangoni pa maabara. Moraa akamaliza miaka miwili mbele yangu. Siku moja tu alinikumbusha ule mkeka wa pareto, na hiyo moja ilinitosha.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: chuo hakikungoji ukizoee. Kabla hujachagua masomo, jua yanafundishwa siku gani na yanadai nini kwako, maana somo zuri katika siku usiyoiweza ni somo ulilokwisha kulikosa. Watafute waliokutangulia mwaka mmoja au miwili, hata wale msiosali pamoja, uwaulize bila haya. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Panga mwaka mzima ungali mwepesi, wiki ile ya kwanza, wakati kila mlango bado unafunguka. Kuwaheshimu wakubwa si kuwanyamazia. Mzee wa watu hawezi kukupa ambacho hajui unakihitaji. Na jambo lolote unalolishikilia moyoni, imani, afya, au mgonjwa uliyemwacha nyumbani, liandalie Ijumaa yake.

Mungu akutangulie njiani, akupe midomo ya kuuliza na masikio ya kusikia. Urudi kwetu ukiwa mzima, na jina lako likiwa jema. Haya, chukua sanduku, kabla mvua haijashuka. Mlango uvute mpaka ushike, mwanangu.

Ehe. Hivyo hivyo.